Waya wa Nguo wa Bi Mwanaisha

Harufu ya risasi ya kulehemu hunirudisha Mtopanga, kwenye baraza ya Mjomba Salim, fundi redio, mwaka niliokuwa na miaka kumi, naye Bibi amevunjika nyonga. Maulidi yalikuwa yasomwe kwa Bi Mwanaisha, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na mlango mmoja wa kisomo ningesoma mimi. Bibi ndiye aliyenifundisha, neno kwa neno, na sasa hakuweza hata kuvuka uchochoro. Alilia, wallahi, akidhani simwoni.

Mjomba akamtengenezea kimtambo cha kurushia sauti, kidogo kama kiberiti, akakitafutia mahali patupu kwenye redio ya Bibi, pasipo na stesheni, anisikie akiwa kitandani. Akaniusia: "Maadamu nguvu zake ni ndogo, hakidaiwi leseni. Lakini kina adabu zake. Usimwingilie mtu, na wewe ukiingiliwa, vumilia. Waya wake ni huu, shubiri moja. Usiuongeze, sauti itafika mbali na kuhamia kwenye stesheni za watu."

Mimi na ujuaji wangu! Siku ya kujaribu nikaona shubiri haitoshi, nikaufunga kwenye waya wa kuanikia nguo wa Bi Mwanaisha. Nikasoma vizuri, kisha nikamnong'oneza Bibi kwenye kipaza sauti cha mtambo kwamba pilau ya Bi Mwanaisha siku hizi haina hata chumvi. Kumbe kipindi cha salamu kimekatika kwenye redio za uchochoro mzima, na anayesikika ni mimi! Bi Mwanaisha alikuja leso begani, anafoka. Mjomba akang'oa betri, akasema hakuna mtambo tena. Niliumia, maana aliyenyimwa hakuwa mimi, alikuwa Bibi.

Nikaenda peke yangu kwa Bi Mwanaisha. "Shikamoo. Nisamehe, mama." Akanitazama weee. Kisha akajifunga leso, akanishika mkono hadi kwa Mjomba, akamwambia, "Mrudishie, mwanangu. Yule mzee asikie. Ila waya wangu wa nguo auache!"

Kesho yake, baada ya alasiri, Maulidini kwa Bi Mwanaisha, nilisoma mlango wangu hadi mwisho bila kujua kama sauti imemfika Bibi. Nikauliza kwenye kipaza sauti, "Bibi?" Wanawake waliokuja kwenye kisomo wakageukia dirishani. Mara, juu ya mapaa, bila mtambo wowote, ikaja sauti ya Bibi, akiitika kama mtoto aliyeitwa na mkubwa wake: "Abee!" Vigelegele vilivyopigwa! Hata Bi Mwanaisha alipiga, akanipakulia sahani ya kwanza. Chumvi ilikuwepo, tena nyingi.

Siku hizi simu yangu hufikisha sauti Ulaya kabla sijameza mate, nami naipenda, sina kinyongo nayo. Wanangu walio huko huniandikia kwamba wamesikia. Nafurahi. Lakini nikishamaliza kusema, bado huwa natulia kidogo, nimegeuza sikio dirishani.