Mkwe Chini ya Lori

Mimi na mume wa binti yangu hatusalimiani. Si ati tumekosana, ingawa tumekosana. Ni mila. Kwetu magharibi mama mkwe na mkwe hawashikani mkono, hawakai nyumba moja, hawaangaliani usoni, mpaka siku mwanaume atakuja na blanketi na kuku mbele ya wazee atoe hiyo haya. Huyu wangu hajatoa. Kila Krismasi ati anapanga. Basi mahali niko, yeye hayuko. Nikitaka kutoka nje na yeye ako hapo, nakohoa kwanza, anajificha nyuma ya tangi ya maji, napita, halafu anarudi. Huko nyumbani boma ni kubwa, mtu anaweza kujificha mpaka kwa mahindi. Hapa Kangemi ploti yenyewe ukitema mate inaanguka kwa jirani.

Na ni kwa hiyo ploti alikuja kufungua lori yangu.

Hiyo lori aliniachia marehemu mzee wangu. Ni ya dizeli, ya zamani, rangi imeisha mpaka huwezi kujua ilikuwa gani. Tunabeba mbolea ya ng'ombe na udongo mwekundu, tunapelekea watu wa bustani huko Kitisuru. Inanilisha mimi, inalisha binti, inalisha huyo mkwe mwenyewe, kwa sababu ndiye dereva. Hatuna ingine. Injini ikikufa leo, kesho sisi wote tutakaa hapo tunaangaliana, na yeye hata kuniangalia hakubaliwi.

Shida ni milima. Ikibeba mzigo inapanda kama mimi nikienda kwa daktari wa meno. Mama mmoja wa huko Kitisuru akanipigia simu, na ile sauti yao ya puani: "Mama, si tulisema asubuhi? Shamba boy ame-wait mpaka amelala, please." Akachukua mwanaume mwingine mwenye lori mpya. Jirani yake naye akamfuata huyo huyo. Wateja wakaanza kuniishia.

Sasa mkwe akaona hapo ndipo atanionyesha. Alisomea mekanika kidogo, akaacha, lakini maneno alibaki nayo. Anaongea pole pole kama mtu anasoma taarifa ya habari: "Mwambie mama, hii injini inakosa pumzi. Tukiiwekea turbo, itavuta hewa mingi. Halafu tufungue skrubu ya pampu kiasi, dizeli iongezeke. Itapanda mlima ikiimba."

Anaambia binti, na mimi niko ndani, mlango iko wazi, nasikia kila kitu. Na bado binti anakuja kuniambia tena, na ile sauti yake ya kupoza uji: "Mum, anaomba tu, kama utapenda, aangalie injini kidogo."

Nikasema, "Mwambie hiyo injini ilikuwa inapanda mlima yeye akikojoa kitandani. Akiigusa nitamkata hiyo mikono nipikie mbwa."

Binti akatoka. "Mum anasema ni sawa, lakini uchunge."

Hivyo ndivyo kazi yangu iliharibiwa na adabu ya mtoto wangu.

Na kwa vile wateja walikuwa wanaisha, nikalegea; turbo tulienda kutafuta River Road, ya mtumba. Mimi na binti tunatembea upande huu wa barabara, yeye upande ule, anatuonyesha duka na kidevu kama mwizi anaonyesha wenzake nyumba. Mwenye duka akaniona mzee, akafurahi, akaniita nyanya kwa Kikuyu: "Cucu, hii ni ya ukweri! Imetoka kwa rori ya Japani, haijui taabu." Nikamuuliza, kama ni mzuri hivyo, huko Japani waliitupa ya nini? Akaanza kuangalia simu yake. Mkwe huko upande wake wa barabara akaitikia na kichwa ati tuchukue. Tukachukua. Ilikuwa kama konokono ya chuma, nzito, na ndani iko na feni kidogo ya kuzunguka.

Akaanza kazi. Mimi namjua huyo mtu kwa miguu tu, viatu mbili zikitoka chini ya lori. Na mimi nilimsumbua vizuri. Nilikuwa nakaa kwa kiti yangu ndani, natoa mawe kwa maharagwe, halafu nakohoa: "Khm!" Sina mahali naenda. Nasikia spana inaanguka, ngalang'! Nasikia kichwa inagonga chuma. Nasikia viatu inakimbia, pa-pa-pa-pa, mpaka nyuma ya tangi. Halafu kimya. Nami nachambua maharagwe yangu. Baada ya muda anachungulia, hakuna mtu ametoka, anarudi chini. Nampatia dakika kidogo, halafu, "Khm!" Wapangaji wa hapo walicheka mpaka mmoja akamwaga maji ya kufua.

Binti akaniambia, "Mum, anasema, pole, kikohozi yako iko aje?"

"Mwambie ni vumbi ya wanaume hawatoi haya."

Jumamosi akamaliza. Binti alikuwa ameenda sokoni. Nikasikia anapanda, anawasha. Ikashika mara moja. Ikanguruma chini vile tunaijua, halafu juu yake ikaanza sauti ingine, kama mtu anapiga mluzi na hana meno ya mbele, fiiii. Hata mimi na chuki yangu yote nilisema, aha.

Halafu moshi. Kwanza kidogo, rangi ya buluu. Halafu ploti yote ikapotea. Na injini ikaanza kupandisha sauti, na hakuna mtu amekanyaga mafuta. Ikapanda, ikapanda, mabati yangu ikatetemeka, kuku zikaruka ukuta. Nikasikia anavuta waya ya kuzima. Haizimi. Akazungusha ufunguo. Haizimi. Alikuja kunieleza baadaye: injini ya dizeli ikipata oili yake yenyewe kwa njia ya hewa, inainywa kama mlevi, haitaki tena dizeli ya mtu, haisikii ufunguo, inakimbia tu mpaka ipasuke.

Nilitoka bila kukohoa.

Yeye alikuwa amesimama mbele ya injini, boneti wazi, na hakusema "mwambie mama". Alinipigia kelele mimi, kwa mdomo yake: "Mama! Leta kitu bapa! Niizibe hewa! Si kitambaa, itaimeza! Bapa!"

Nilikuwa na ubao wa kukatia sukuma wiki, na sukuma ikiwa bado juu yake. Nikaja nayo hivyo. Sukuma ikaruka. Akanionyesha mdomo ya ile konokono, nikagonga ubao hapo, ikashikwa kama ng'ombe imeivuta na ulimi. Akaweka mikono yake juu ya yangu tukasukuma. Lori ikatingishika mwili mzima, ikakohoa yenyewe, ikazima.

Redio ya jirani bado inaimba.

Ndiyo nikaona uso yake. Ako na kovu kwa nyusi, na masikio mtoto wa binti yangu amechukua, na mimi nilikuwa nasema hizo masikio ni za ukoo yetu. Moshi ilimpaka mpaka meno. Mikono yake bado iko juu ya yangu.

"Toa mikono," nikamwambia.

Akatoa. Akafungua bomba ya chini, ile ya kurudisha oili kwa injini, akaingiza kidole, akavuta kitambaa. Kipande ya fulana yake. Alikuwa ameziba hiyo shimo vumbi isiingie akipima bomba. Hapo ndipo nilikuwa nimekohoa. Akakimbia. Kurudi, akasahau, akafunga bomba juu ya kitambaa. Oili ikakosa njia ya kurudi, ikaingia kwa njia ya hewa.

Akainua hiyo kitambaa mbele ya macho yangu. "Hii ni kikohozi yako, mama."

"Kikohozi yangu inavaa fulana?"

"Ulikohoa na hukutoka! Kila siku! Nani anakohoa ivo kama hatoki?"

"Na wewe unakimbilia nini, mimi ni polisi?" Nikaiga sauti yake: "Itapanda mlima ikiimba. Ndiyo hiyo imeimba, mpaka watu wa Uthiru huko wote wamesikia!"

"Ungeniacha nifanye kazi, ingekuwa imepanda!"

"Ungeleta blanketi, ningekuwa nimekuacha!"

Mkwe akachukua spana kubwa, akalala mbele ya lori, azungushe injini na mkono asikie kama imeshikana ndani. Nikasikia tu pumzi yake, na mimi nimesimama hapo nashika ubao kama mtu ameitwa mbele ya kanisa. Spana ikakwama. Akasukuma na mguu. Ikaenda. Ikazunguka yote, laini.

"Imezunguka?" nikauliza.

"Imezunguka, mama."

"Basi toka hapo chini, unanichafulia ploti."

Alishinda akiosha mabomba, akamwaga oili yote, akaweka ingine. Akawasha. Mluzi ukatoka, moshi hakuna, na alipozungusha ufunguo ikazima kama mtoto mwenye adabu. Nikaenda kuokota sukuma.

Kurudi, nampata ameshika bisibisi juu ya pampu.

"Gusa hiyo uone."

"Ni robo tu nazungusha, mama. Bila dizeli kuongezeka turbo haina kazi."

"Na dizeli ya hiyo robo itanunuliwa na nani?"

Binti akaingia na kikapu. Akatuona tumesimama uso kwa uso, akafunika macho yake na mkono kama amepata watu uchi. "Mungu wangu! Mnaongea? Wazee wakisikia itakuwa faini ya mbuzi!"

Mkwe akamgeukia. "Mwambie mama hii skrubu..."

"Niambie mwenyewe! Mdomo si iko hapo?"

Akaniangalia. Akarudia ile sauti yake ya taarifa ya habari, pole pole, na jasho inamtoka. "Mama. Robo."

"Nusu ya robo," nikasema. "Na ikitoa moshi, mbolea ya Jumatatu utabeba na kichwa."