Kadi ya Jicho Niliyoijaza Hadi Jumapili

Mwanangu, ningekuwa na uwezo wa kufuta siku moja maishani mwangu, ningeifuta ile Jumatano niliyoingia kwa wakwe kule Tongaren na miwani myeusi machoni, nikasalimia koti.

Naam, koti. Lilikuwa limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, na kofia juu yake. Niliinama kwa heshima, nikaliuliza mahindi yanaendeleaje. Watu wote wa nyumba ile, waliokuwa wamekaa upande wa pili, wakanyamaza kusikia litajibu nini.

Wakati huo miaka ya elfu mbili ilikuwa ndiyo inaanza, nami nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, ninakaa Tuwan, Kitale, nikijiona mtanashati kuliko wote. Wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nikipalilia shamba la baba, jani la hindi likanikwaruza jicho la kulia. Nilipuuza. Siku ya tatu jicho lilikuwa jekundu, linatoa usaha, na mwanga wa jua ulinichoma kama pilipili.

Kwenye kliniki ya macho pale Kitale nilimkuta muuguzi mmoja, Sista Chebet, mama mpole asiyependa mzaha. Alinieleza kwamba walikuwa wakijaribu dawa ya bei nafuu, ile ile ya kahawia ya kusafishia vidonda, ikiwa imepunguzwa makali ili ifae jicho. Walitaka kujua kama ingeweza kuponya sawa na matone ya kawaida ya kuua viini, ambayo wengi hawakuyamudu. Nikikubali, ningepewa mojawapo kwa kura. Nilikubali, nikaweka sahihi, nikapata ya kahawia. Nikapewa pia kadi ya wiki nzima, Jumatatu hadi Jumapili, yenye visanduku. Kila nikitia tone, niweke alama.

Jumatatu nilitii. Ila dawa ile, mwanangu, ilikuwa ikitiririka shavuni na kuacha mistari ya kahawia, utadhani nimekula maharagwe kwa jicho. Na Jumatano ndiyo nilikuwa nimeahidi kwenda Tongaren kujitambulisha kwa wazazi wa Nekesa, msichana niliyetaka kumwoa. Basi Jumanne asubuhi nikaificha chupa kabatini. Nikakaa na kalamu, nikajaza visanduku vyote kwa mkupuo mmoja, alama safi, zimejipanga foleni. Nilijipongeza kwamba kazi ya wiki nzima nimeimaliza kabla ya chai.

Jumatano nikavaa miwani ili kuficha wekundu. Ndani ya nyumba mlikuwa na giza, na jicho moja lilikuwa limefumba kabisa. Yaliyonipata na koti umeshayasikia. Baba ya Nekesa alimwuliza mjomba wa Nekesa kwa sauti ya chini kama kijana huyu amekunywa. Mama mkwe, ambaye kwa desturi yao hawezi kunikaribia, alichungulia kutoka jikoni na kurudi upesi.

Nyanyake Nekesa ndiye aliyesimama. Kwa Wabukusu bibi, yaani kukhu, ana ruhusa ya kumtania mume wa mjukuu, na kukhu huyu aliitumia yote. Alinivua miwani bila kuomba, akaniangalia kwa muda mrefu. Hapo ndipo nilipoona kwamba jicho lake mwenyewe la kushoto lilikuwa jeupe lote, halioni.

Aliniuliza ninatumia dawa gani. Nikaona hapo ndipo pa kurudisha heshima yangu. Nikatoa kadi mfukoni, nikampa Nekesa awasomee. Alisoma hadi mwisho, kisha akaniangalia kama anayenihurumia.

“Hapa umetia dawa mpaka Jumapili,” akasema. “Na leo si ni Jumatano?”

Kukhu akavuta kiti karibu. “Sasa wewe ambaye umeshafika Jumapili,” akasema, “tuambie, mvua itanyesha?”

Nyumba nzima ilicheka, hata baba mkwe. Mimi nilitamani kuingia ndani ya lile koti. Lakini kukhu hakucheka. Alisimulia jinsi jicho lake lilivyokwaruzwa na bua, jinsi walivyozunguka kutafuta dawa mpaka Bungoma mjini, wakaipata, ila bei ikawashinda. Kisha akanishika kidevu.

“Hao watu wanatafuta dawa ya mtu kama mimi. Wakisoma karatasi yako na jicho limeoza, watasema dawa haifanyi kazi. Na kumbe ni wewe hufanyi kazi.”

Sikuonja hata kipapatio cha kuku. Walinirudisha Kitale siku hiyo hiyo, Nekesa na mjomba wake wakinisindikiza kama mshukiwa. Nilimwambia Sista Chebet ukweli wote, isipokuwa habari ya koti, ambayo Nekesa aliiongeza kwa hiari yake. Sista hakunigombeza. Alinipa kalamu, nikakata kila alama ya uongo moja baada ya nyingine, nikaandika kando yake “sikutia”. Daktari alipolipima jicho alisema ningechelewa kidogo tu ningelipoteza.

Nilitia dawa ile mbele ya watu, mistari na yote. Jicho lilipona, likabaki na kidoa cheupe hiki unachokiona. Nekesa alikubali kuolewa baada ya kuikagua kadi ya pili.

Basi nisikilize, mwanangu. Anayekutibu mwambie ulichofanya na usichofanya, hata kama kinakuaibisha. Ukidanganya, ugonjwa utabaki kwako, na dawa nzuri itasingiziwa, na mtu usiyemjua, aliye mbali na mji, ataikosa kwa sababu yako. Aibu yangu iliisha siku ile ile. Jicho la kukhu halikurudi.

Mungu akulindie macho yako, akupe na ulimi wa kusema kweli mapema, na wakwe wenye subira.