Kikao cha Kumjadili Kocha Wetu

Timu yetu ya mtaa ilikuwa imefungwa mechi baada ya mechi, na ya mwisho tulifungwa hapa hapa nyumbani. Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, mashabiki tulikutana uwanjani kuamua kama kocha abaki au aende.

Wa kwanza kusema alikuwa muuza nyama, mtu asiyekosa mechi hata jua liwake namna gani. Alisema hana ubaya na mzee, lakini mabeki wanazubaa, na mazoezi ni yale yale ya kukimbia kuzunguka uwanja. Wengi walimuunga mkono, na kusema kweli hakuwa amekosea.

Zamani nilichezea timu hiyo, mpaka nilipovunjika mguu tulipokwenda kucheza mjini Garbatulla. Gari la wagonjwa halikuwepo. Walinilaza nyuma ya pikapu, kocha akakaa kando yangu na kuushika mguu kwa mikono miwili usitikisike. Kila gari liliporuka kwenye mashimo, mgongo wake uligonga bodi, lakini hakuuachilia. Njia nzima alinipigia hadithi za mbuzi wa mama yake, nisije nikausikiliza mguu. Tulipofika hospitali Isiolo vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, nesi akavikunjua kimoja kimoja.

Nikasimama, nikawaeleza hayo. Muuza nyama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ndugu yangu," akasema polepole, "hata mimi namheshimu kwa hiyo. Lakini hiyo haizuii mabao."

Aliyejibu ni kocha mwenyewe, aliyekuwa amefika kimya kimya na kusimama nyuma yetu. Alitoa salaam, nasi tukaitikia, Waislamu kwa Wakristo.

"Mpira wa siku hizi umenipita," alisema. "Nitafutieni mtu wa kunisaidia kupanga timu. Lakini hawa vijana msininyang'anye."

Watu waliinamisha macho. Kisha mama mmoja anayeuza nguo sokoni akamtaja mwalimu mgeni wa shule ya msingi, msichana kutoka Meru aliyewahi kucheza mpira chuoni. Mwalimu alikuwa pale pale, akacheka akidhani ni mzaha. Kocha akamwendea, akampa mkono, akamwita "mwalimu wangu". Muuza nyama ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Hatujawa mabingwa. Mechi iliyofuata tulitoka sare, na muuza nyama alishangilia kama tumechukua kombe.

Jumapili iliyopita nilipita uwanjani wakifanya mazoezi. Mwalimu alikuwa katikati, akiwapanga mabeki kwa sauti kubwa. Kocha alikuwa amepiga magoti pembeni, akimfunga bandeji winga wetu. Aliponiona aliuliza kama wanangu wamepona homa. Nikamwambia wamepona, alhamdulillahi, nikakaa kwenye nyasi karibu naye mpaka mazoezi yakaisha.