Sauti ya Daktari Kiti

Kiti chenyewe ni cha plastiki, cha buluu, mguu mmoja umefungwa kwa plasta ya hospitali. Daktari wetu hukibeba mwenyewe kutoka stoo ya mashuka mpaka kwenye korido wanakongojea ndugu, anakiweka, anakaa, ndipo anafungua mdomo. Miaka kumi na tisa nimefanya naye kazi wodi ya mahututi, sijawahi kumsikia akimpa mtu habari akiwa amesimama. Ndiyo maana wanamwita Daktari Kiti, na ndiyo maana wako ndugu wa wagonjwa ambao wakimwona tu anakuja nacho, wanakimbilia getini. Mjini walishaambizana kwamba akikaa huyu, mgonjwa wako keshakufa.

Mimi ndiye muuguzi mkuu wa wodi, kwa hiyo wa kukimbizana nao getini ni mimi, na magoti haya. Siku moja nikamwambia, "Daktari, hebu achana na hicho kiti, kinatutia nuksi."

"Sista," akasema, "watu hawadanganyiki kwa kuwa ni wajinga. Wanadanganyika kwa kuwa wanaogopa, na sisi tunaongea nao tumesimama mlangoni, tunaangalia saa. Anayewatumia uongo kwenye simu, kwamba hospitali inaua, anawapa muda wote wanaoutaka."

Zamani maneno hayo aliyasema kwa moto. Alikuwa akienda redioni, anajibizana na wapiga simu, anarudi koo limemkauka. Siku hizi anayasema kama anayesoma orodha ya vifaa. Nywele zimempukutika utosini, miwani kaifunga uzi, na chai yake inapoa mpaka inaota utando kila siku ya Mungu.

Kuna adhuhuri moja tulipoteza watatu, wote wameletwa wameshachelewa. Akaenda kukaa ndani ya gari lake kwenye maegesho. Dada yake mkubwa, mwalimu mstaafu aliyemlea, alikuwa amemwandikia kumuuliza hali. Nguvu ya kuandika hakuwa nayo, akajirekodi, akamtumia. Nayajua haya kwa sababu baadaye niliyasikia yote, mimi pamoja na watu ambao hayakuwahusu hata kidogo.

Miezi miwili ikapita, akaletwa fundi cherehani. Mwanamke wa miaka thelathini na nne, watoto wawili, na tulipombadilisha nguo tukakuta tepu ya kupimia imo bado mfukoni. Nimonia ilikuwa imemjaa mapafu yote mawili. Wiki nzima alikuwa nyumbani akinywa dawa za kuelekezwa na majirani. Sasa anapumua mara arobaini na nne kwa dakika, midomo imebadilika rangi, na oksijeni ya barakoa haifui dafu. Saa tatu asubuhi Daktari akasema tumlaze kwa dawa, tumwekee mashine ya kupumulia.

"Sasa hivi bado ana nguvu ya kutusaidia," aliniambia. "Tukingoja jioni hatakuwa nayo."

Mwenyewe tulipomuuliza, pumzi ya kujibu ilikuwa shida. Akamwonyesha mumewe kwa kidole. Na mumewe, dereva wa basi la shule, akakataa.

Hakukataa kwa ukorofi. Wakorofi nawajua, nina dawa yao. Huyu alikataa kwa upole, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akatoa simu. "Sista, sina ugomvi na nyinyi. Sikiliza hii tu."

Nikasikiliza. Sekunde kumi na mbili. "Mimi miaka ishirini niko wodi ya mahututi. Mashine ile haiponyi mtu. Wanaingia wanaongea, wanatoka wamefunikwa shuka." Basi, imeishia hapo. Kabla ya neno "shuka" kulikuwa na kikohozi kidogo, kile kikohozi ninachokisikia kila asubuhi kwenye mzunguko wa wodi. Nilipogeuka, Daktari alikuwa amesimama mwisho wa korido, kiti mkononi.

"Huyu ndiye daktari mkweli," dereva akaendelea. "Alifukuzwa kazi kwa kusema haya. Wengine wanasema walishammaliza."

Daktari akaja, akaweka kiti, akakaa. "Ndugu yangu, hiyo sauti ni yangu."

Dereva akamtazama kuanzia viatu mpaka ile miwani ya uzi. "Mzee, tafadhali. Mke wangu yuko hali hii, wewe unaleta utani?"

Utafanyaje? Mtu anaambiwa na mwenye sauti kwamba sauti ni yake, haamini, kwa kuwa mwenye sauti wa kwenye simu ni shujaa na huyu aliye mbele yake ni mzee amechoka. Dereva akawaita kaka zake. Wakaja watatu, kila mmoja na ile ile rekodi, na kila mmoja anataka kutusikilizisha upya kana kwamba yake ina nyongeza. Daktari mwenyewe hakuwa nayo, simu aliyojirekodia ilishaharibika. Akawa anampigia dada yake, simu inaita, haipokelewi. Saa nne. Saa tano. Nilikuwa naingia kwa mgonjwa, natoka, namba ya oksijeni kwenye kile kifaa cha kidoleni inateremka, nami natamani kuwachapa wote wanne kwa ile tepu ya kupimia.

Saa saba na nusu dada mtu akapokea. Alikuwa ameacha simu kwenye chaji akaenda sokoni. Daktari akaweka spika.

"Dada, ile sauti niliyokutumia kutoka garini, uliipeleka wapi?"

"Niliwatumia wenzangu wa kwaya tu, wakuombee, mdogo wangu. Kwani kuna nini?"

"Nitumie yote."

"Yote? Na pale mwisho pia?"

"Yote, dada."

Ikaja. Dakika mbili kamili. Akaicheza palepale, kichwa ameinamisha, na sisi sote tumemzunguka. Ikafika kwenye shuka, haikukatika. "Haiponyi, dada. Inampumzisha mtu wakati mwili unajiponya. Lakini wananiletea watu mwili umeshaisha, kwa sababu kuna mtu kwenye simu kawaambia wasije. Wangekuja siku mbili kabla, wengi wao ningewarudisha nyumbani." Halafu mtu mzima yule akalia, kilio cha kweli, cha makamasi. Na ndani ya kilio akasema, "Nawachukia, dada. Nikiwaona ndugu zao na simu mkononi nawachukia, halafu nakwenda kuchukua kiti."

Sikujua pa kuweka macho. Miaka yote hiyo, nami nilidhani ile subira yake ni tabia.

Dereva akateremka ukutani taratibu mpaka akakaa sakafuni, karibu na kile kiti. "Mwekeeni," akasema.

Ilikuwa saa nane kasoro. Nilipokuwa nataka kumchoma fundi dawa ya usingizi, akanishika mkono, akasema kwa vipande, "Wamemaliza... kubishana?" Nikamwambia wamemaliza. Akafumba macho.

Siku tano mashine ilimpumulia. Siku ya sita, saa nne asubuhi, moyo ukasimama, tukauhangaikia, haukurudi. Daktari akaenda stoo. Dereva alimwona anakuja na kiti, na hakukimbia. Alisimama palepale mpaka kikawekwa.

Alipokwisha kuambiwa, hakupiga kelele. Akauliza, "Ningekubali ile asubuhi, angepona?"

Nilimwomba Mungu, kimoyomoyo, yule mzee adanganye walau mara moja. Neno dogo tu, mtu akazike mkewe.

"Huenda," Daktari akasema. "Asubuhi ile nafasi yake ilikuwa kubwa kuliko hiyo tuliyompa. Lakini sauti iliyokuzuia ni yangu. Mzigo huu hutaubeba peke yako."

Huko getini kaka zake walishaanza. Nilimsikia mkubwa wao akisema, "Si tulisema? Mashine imemmaliza shemeji." Dereva akawafuata, nami nikamfuata dereva, maana nilidhani watashikana mashati.

"Hapana," akawaambia. "Mimi ndiye niliyechelewesha. Nilipewa saa tano nzima, nikazitumia kubishana. Mtu asiniambie habari ya mashine."

Akarudi ndani, akakaa kwenye kile kiti cha buluu, Daktari akiwa keshanyanyuka, akajirekodi. Alisema yeye ni nani, mkewe alikuwa nani, alisikiliza nini na alifanya nini. Akawatumia wote aliokuwa amewatumia zile sekunde kumi na mbili, mmoja baada ya mwingine. Yake ilikuwa ndefu, dakika nne na ushee, nusu nzima kwikwi.

Nisikudanganye kwamba ilienea. Nani ana dakika nne? Zile sekunde kumi na mbili bado zinazunguka. Wiki iliyopita nimetumiwa na mtoto wa kaka yangu mwenyewe, na maneno ya kunitahadharisha juu yake, eti shangazi kuwa makini na hospitali. Mimi! Daktari naye amezidi kuchoka. Kuna asubuhi ananisalimia mara mbili.

Lakini juzi alikuja mwanamke na baba yake. Mzee anatembea kwa miguu yake, anakohoa, anapumua kwa shida lakini anapumua, na bado ana nguvu ya kulalamika kuhusu foleni. Daktari akaenda kuchukua kiti. Yule mwanamke akamwahi.

"Daktari, usihangaike kukaa. Tulimsikia yule dereva. Tumekuja mapema. Kama ni mashine, wekeni."

Daktari akabaki amekishika kiti kwa mikono miwili. Mwishowe akakiweka chini.

"Subiri kwanza nikae, binti yangu," akasema. Akakaa, akavua miwani, akaufunika uso kwa viganja vyote viwili, mabega yanacheza.

Mashine haikuhitajika, barakoa ilitosha. Lakini wakati ule tulikuwa hatujalijua hilo bado. Mzee alimtazama Daktari, akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, kwani mgonjwa ni mimi au ni huyu?"

Nikamwambia avute pumzi ndefu, nimsikilize kifua.