Gari Lisiposimama

Mume wangu alikuwa trafiki Bariadi miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuingia kununua pamba. Kabla ya hapo pamba yote ilipita ushirika, na magari yaliyoibeba tuliyajua karibu yote, pamoja na madereva wake. Soko lilipofunguliwa yakaja magari kutoka Mwanza, Shinyanga mjini na sijui wapi kwingine, mengine hayana taa, mengine milango imefungwa kwa kamba ya katani, yote yanakimbilia vijijini kabla tajiri mwingine hajafika. Msimu ukikolea, migunga ya kando ya barabara ya Maswa ilijaa nyuzi nyeupe zilizonaswa na miiba kutoka kwenye mizigo iliyopita kwa kasi.

Mimi nilikuwa nafundisha Kiswahili sekondari. Tuliishi kota za polisi na watoto wetu wadogo. Mume wangu kwao ni Singida, lakini alipenda kuwasalimia madereva kwa Kisukuma chake kilichopinda, nao walimcheka, wakashusha vioo wakiwa wameshalainika. Miaka yote hiyo kifaa chake cha kazi kilikuwa filimbi.

Kisha askari mwenzake akauawa. Gari dogo lilisimamishwa kwenye kizuizi cha njia nyingine, na waliokuwemo walikuwa wametoka kupora fedha za mnunuzi wa pamba. Walimpiga risasi kabla hajafika dirishani. Mkewe alikuwa jirani yetu, nyumba ya pili kutoka kwangu. Nilikaa naye chini kwenye mkeka mpaka wakati wa kuzika, nikamshikilia mabega alipokuwa anataka kuingia kaburini. Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu ambayo sikuwahi kuijua.

Baada ya msiba ule ikatoka amri kwamba kila kizuizi kiwe na askari mwenye bunduki. Mume wangu akachaguliwa kwa sababu shabaha yake ilikuwa nzuri. Jumamosi asubuhi nilikuwa nje nachagua mchele, akaja akakaa kwenye kigoda pembeni yangu.

"Nimemwomba mkuu anitoe," akasema. "Nirudi ofisini, au nibaki barabarani na filimbi yangu."

"Kwa nini?"

"Ukishakuwa na bunduki mkononi, kila gari unaliona la majambazi."

"Na usipokuwa nayo, majambazi wanakuona wewe."

Akatikisa kichwa. "Mama, mtu anaweza asisimame kwa sababu nyingi. Hana leseni. Breki mbovu. Amelewa. Ana mgonjwa nyuma. Yote hayo ni makosa ya kulipishwa faini. Hakuna hata moja la kufa."

"Mwenzako tuliyemzika naye alifikiri hivyo hivyo."

Shuleni mimi ndiye niliyesimamia midahalo. Nilijua kupanga hoja, kuanza na ndogo na kuiacha kubwa mwishoni. Nikamwambia gari lenye mzigo ni silaha kubwa kuliko hata bunduki. Nikamwambia askari hana nafasi ya kuingia moyoni mwa dereva na kuangalia nia yake. Anachokiona ni mkono umeinuliwa na gari halisimami, basi. Nikamwambia anayekaidi amri amejichagulia mwenyewe. Yeye alijibu kidogo kidogo, kwa sauti ya chini, akisema risasi hairudi na gari linaweza kufuatwa. Nilipoona bado anasita nikamwita mtoto wetu mdogo, nikamsimamisha katikati ya magoti yake.

"Mwambie huyu sasa," nikasema. "Mwambie kwamba siku moja baba yake alisita, na sisi tukahama kota."

Mume wangu akampangusa mtoto pua kwa kidole chake.

"Umeshinda, Mwalimu," akasema. Jumatatu akaenda kuchukua bunduki.

Wiki hizo ubishi huohuo ulikuwa kila mahali, hata chumba cha walimu. Mwalimu wa jiografia, mtu mpole ambaye kaka yake alikuwa dereva wa lori, ndiye pekee aliyesimama upande wa pili. "Gari lina namba," alisema. "Dereva ana kwao. Mwache apite, utamkuta kesho." Nikamuuliza kama yuko tayari kwenda kumwambia hivyo jirani yangu mjane. Walimu wakagonga meza, wengine wakacheka. Yeye akainamia daftari zake akaendelea kusahihisha. Nakumbuka nilivyojisikia vizuri.

Siku yenyewe ilikuwa jioni, jua bado lipo. Pikapu iliyojaa pamba ilitokea kwenye mteremko ikielekea kizuizini huku ikipiga honi. Trafiki aliyekuwa zamu na mume wangu akasimama katikati ya barabara, akainua mkono. Pikapu haikupunguza mwendo. Trafiki yule akajirusha mtaroni, na mume wangu akafyatua. Risasi moja ilipita kwenye kioo cha mbele. Gari likaacha barabara, likaingia shamba lililokwisha kuvunwa, likalala ubavu kwenye tuta. Ndani alikuwemo dereva peke yake. Walitafuta silaha wakakuta michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye mfuko wa rambo na koti.

Habari zilinikuta bombani. Mke wa askari mmoja alikuja anakimbia, kanga mkononi, akasema kumetokea risasi kizuizi cha Maswa na mtu amekufa. Nikaangusha ndoo. Akaongeza upesi: "Si wako. Wako mzima. Ni dereva." Nikasema, "Mungu ashukuriwe." Nilisema kwa sauti, mbele ya watu waliopanga foleni ya maji, na nilikuwa namaanisha kwa moyo wangu wote. Nadhani nilitabasamu. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni akageuza uso.

Asubuhi nilikwenda hospitali kumtazama yule trafiki aliyeruka mtaroni, maana aliumia bega. Nje ya chumba cha maiti kulikuwa na mwanamke amekaa chini, miguu ameinyoosha, viatu vyake vya plastiki ameviweka pembeni kama mtu aliyeingia nyumbani kwa watu. Alikuwa mke wa yule dereva, amesafiri kutoka Lingeka, upande wa Meatu. Hakuwa analia. Mtu akamnong'oneza kitu nilipopita, akainua macho. Nikaongeza mwendo.

Tuliyajua mengine baadaye. Marehemu alikuwa dereva wa ushirika kwa miaka mingi. Ushirika ulipoyumba akaachishwa pamoja na wenzake, akakaa nyumbani, kisha akapata kibarua cha kuendesha pikapu ya mnunuzi mmoja binafsi. Uchunguzi ulifanyika. Mkaguzi wa magari alisema breki zilikuwa dhaifu, lakini hakuweza kusema kama ziligoma siku ile. Honi nayo kila mtu aliielewa kivyake: wengine walisema ilikuwa ya kuomba njia kwa sababu gari limemshinda, wengine walisema ilikuwa ya jeuri, kwamba alikuwa anakwepa kulipa ushuru wa halmashauri. Mwisho wakaandika kwamba askari alifyatua kuokoa maisha ya mwenzake. Mume wangu akaambiwa hana kosa, aendelee na kazi.

Watu walibishana msimu mzima, mashineni, kwenye mahoteli ya chai, hata nje ya kanisa baada ya ibada. Walikuwepo waliosema askari angengoja nini, agongwe? Walikuwepo waliosema angepiga tairi. Nikitokea, maneno yalikatika, wakaanza kuulizana habari za mvua. Chumba cha walimu nilingoja mwalimu wa jiografia anirudishie yale yangu. Alikuja mezani kwangu, akaweka mkono juu ya kiti, akasema, "Pole, Mwalimu," akaenda darasani. Afadhali angenitukana.

Mume wangu hakubishana na mtu. Mchana mmoja tukiwa wawili tu, aliacha chakula katikati akaniambia, "Nilimwona uso."

Nikamsogezea maji.

"Alikuwa anatikisa kichwa hivi." Akanionyesha, kushoto na kulia, haraka. "Mpaka leo sijui. Alikuwa ananiambia hapana, gari halisimami, au hapana, usipige?"

Alinitazama kama mwanafunzi anayengoja mwalimu ajibu. Mimi niliyekuwa na jibu la kila kitu nikachukua sahani nikaenda kuziosha, na baadhi bado zilikuwa na chakula.

Shule zilipofungwa nilikwenda Migato kwa baba yangu. Nilimkuta zizini anampaka ng'ombe dawa ya kupe. Nikamweleza yote, hata ile asubuhi ya mchele. Hakuniambia nimekosa wala sikukosa.

"Mayu, mama yangu," akauliza, akiwa bado ameshika sikio la ng'ombe, "huko msibani umekwenda?"

"Baba, nitakwendaje?"

"Si una miguu."

Akarudi kwenye kupe zake. Asubuhi nikakuta ameniwekea mlangoni mfuko wa mtama, amefunga mdomo kwa kamba.

Lingeka nilifika kwa kuuliza. Yule mwanamke nilimkuta shambani anang'oa mashina ya pamba ya msimu uliopita ili ayachome. Nilisimama pembeni mwa shamba na mfuko wangu kichwani, sijui niuweke wapi.

"Mwangaluka," nikasema.

"Mwangaluka, mayu."

"Mimi ni mke wa yule askari."

"Najua. Ulipita hospitali." Akang'oa shina lingine, akakung'uta udongo. "Weka mzigo chini, utakuumiza shingo."

Sikujua la kufanya nikaanza kung'oa na mimi. Mashina yalikuwa magumu, ardhi imekauka, viganja vyangu vya chaki vikachubuka mapema. Tulimaliza mstari mzima. Tulipogeuza, akaanza kusema mwenyewe.

"Alikuwa analalamika breki. Alimwambia tajiri, tajiri akasema msimu ukiisha. Akataka kuacha kazi. Mimi nikamwambia vumilia, tutakula nini?" Alisema akiwa ameinama, bila kunitazama. "Nilimwambia siku ileile anaondoka."

Nikamwambia basi na yangu. Nilimweleza jinsi mume wangu alivyoikataa bunduki, na jinsi nilivyomlazimisha. Nilimweleza habari ya mtoto niliyemsimamisha katikati ya magoti. Sikumwomba msamaha, kwa sababu nilipofika hapo niliona ningekuwa namwongezea kazi nyingine juu ya zile alizokuwa nazo.

Alinyoosha mgongo akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. Nilidhani atanifukuza. Nilidhani pia, na hili naona aibu zaidi kulisema, kwamba labda atanishika mkono, tulie pamoja kama wanawake wawili waliofanya kosa moja. Hakufanya lolote katika hayo.

"Mimi nilimwambia mume wangu afanye kazi," akasema. "Wewe ulimwambia wako apige."

Akainama akaendelea. Tulimaliza mistari iliyobaki. Akanipa maji kwenye kibuyu, akaupokea mtama kwa mikono miwili. "Wabeja," akasema. Nilipokuwa naondoka akanisindikiza mpaka njia panda, kama desturi ilivyo, na pale akaniambia: "Usije tena. Si kwa ubaya. Ukija watu watakuja kukuangalia, na mimi nimechoka kuangaliwa."

Sikwenda tena. Kwa miaka kadhaa nilituma mtama na sare za shule za watoto wake kupitia paroko wa kule. Sijui kama alijua zinatoka wapi. Nafikiri alijua.

Niliporudi Bariadi nilimwambia mume wangu nilikotoka na yale niliyoyasema kule. Nikamwambia kosa lile ni langu kama lilivyo lake, pengine langu zaidi, kwa sababu yeye alikuwa amekataa.

"Aliyefyatua ni mimi," akasema. Alikuwa anapiga viatu vyake rangi. "Usininyang'anye na hilo."

Hiyo ndiyo mara pekee aliyonijibu kwa ukali katika jambo hili. Muda si mrefu akaomba apelekwe stoo ya sare na mablanketi. Wakubwa walimshangaa, maana askari wanaotoka barabarani kwa hiari yao ni wachache. Alikaa stoo mpaka alipostaafu mapema, tukahamia Migato, tukalima mpunga na mahindi. Midahalo nilimwachia mwalimu mwingine. Nilisema sauti imeharibika.

Wananiuliza wakati mwingine, hasa vijana wa ukoo wanaosoma sheria, askari afanye nini gari lisiposimama. Nawaambia wamuulize mtu mwingine. Nikimkumbuka jirani yangu mjane, najua hofu yangu haikuwa ya kubuni. Nikimkumbuka yule wa Lingeka, najua nilikitaka kifo cha mtu, mradi asiwe wangu, na nilikipata. Sijawahi kuyaweka mawili hayo pamoja yakakaa.

Majuzi kijana wetu alitupeleka Bariadi kununua mbegu. Siku hizi ni makao makuu ya mkoa, barabara ni ya lami. Kabla ya mji trafiki akatusimamisha, nyuma yake askari mwenye bunduki begani. Kijana alisimama vizuri, akatoa leseni, trafiki akaitazama, akatuamkia "Shikamooni, wazee," akaturuhusu. Hata dakika mbili hazikupita. Mume wangu, aliyekaa kiti cha mbele, alimjibu "Marahaba, kazi njema, baba." Mbele kidogo akamwomba kijana aegeshe gari. Akashuka, akaenda mpaka ukingo wa lami, akasimama ameshika kiuno, ametugeuzia mgongo.

Kijana akanigeukia. "Mama, mzee anaumwa?"

"Mwache apunge upepo," nikasema.

Aliporudi alifunga mlango taratibu, akasema twende, duka la pembejeo Jumamosi linafungwa mapema.