Toleo la Tano, Lenye Uso wa Kijani

Mimi ni mtu wa nyumbani. Cherehani yangu iko barazani, chai iko jikoni, kitanda kiko hatua kumi na moja kutoka kwenye cherehani, na sijaona sababu ya kuzidisha hapo. Mke wangu huwaambia wageni kwamba siku nikifa wasihangaike na kaburi, wasogeze kiti tu wachimbe hapohapo. Kwa hiyo nikisema kwamba mwaka huu nilitoka Nachingwea nikaenda mpaka Ruangwa kwa sababu ya gazeti la katuni, anayenijua atadhani nasimulia habari za mtu mwingine.

Mambo yalianzia kwenye simu. Nimo kwenye kundi la watu wanaokusanya magazeti ya katuni ya zamani, yale tuliyokuwa tukisoma chini ya dawati mwalimu akiandika ubaoni. Wengi wako Dar na Mwanza, na kwa wingi wa maneno yao saa za kazi, nadhani mabosi wao wana subira. Asubuhi moja mmoja wao akaweka picha ya jalada la toleo la tano la gazeti ambalo sisi wote tulikuwa tukilipigania. Jaladani kuna mzee mnene amepanda baiskeli iliyopasuka gurudumu, anacheka. Jalada hilo nalijua kama ninavyoijua sahani yangu ya ugali. Ila mzee wa kwenye picha ile alikuwa na uso wa kijani. Kijani hasa, kama mtu aliyekula muhogo mchungu akakaa kungoja matokeo. Chini ya picha palikuwa na bei aliyolinunulia.

Nilihesabu sifuri kwa ukucha, mara tatu. Kisha nikapima kwa kitu ninachokifahamu. Binamu yangu, binti wa shangazi, anauza juisi na maji pale stendi ya Ruangwa, na miaka miwili sasa kilio chake ni kimoja: friza. Kila siku ananunua mabarafu ya watu, nusu yanayeyuka kabla ya adhuhuri, na faida inayeyuka nayo. Bei ya yule mzee wa kijani ilikuwa bei ya friza jipya.

Nikamwonyesha mke wangu.

"Huyu mbona anaumwa?" akauliza.

"Haumwi. Wamekosea kuchapa. Ndiyo maana ni ghali."

"Yaani kilichokosewa ndicho ghali?"

"Ndiyo."

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala. "Kumbe nimeolewa na mali, sijui tu."

Kundini kuna mzee aliyefanya kazi ya uchapaji miaka mingi, sisi tunamwita mzee wa mashine. Haandiki, anatuma sauti, na sauti zake ni ndefu, unaweza kumaliza kupiga pasi suruali mbili. Alieleza kwamba jalada la rangi linapita mashineni mara nne: njano, nyekundu, bluu, mwisho nyeusi. Ngozi ya mtu ni mchanganyiko. Nyekundu isipoingia, mtu anabaki na njano na bluu, na njano na bluu ni majani. Siku ya toleo la tano walianza kazi, mabunda ya mwanzo yakatoka, ndipo mtu akagundua kwamba ile nyekundu haishiki. Wakasimamisha, wakarekebisha, wakaendelea. Mwenye gazeti hakutaka hasara. Akasema yale mabunda ya mwanzo yasitupwe, yapelekwe mbali.

"Mbali wapi?" mtu akauliza.

Mzee wa mashine akacheka kwanza. "Kusini."

Nilikaa na neno hilo muda mrefu, mguu ukiwa juu ya cherehani bila kukanyaga. Na kumbe kwenye majalada yetu bei nazo zilikuwa mbili, moja ya Dar na moja ya mikoani, ya mikoani ikiwa juu kidogo kwa ajili ya usafiri. Tulilipa zaidi tukapewa kibovu. Sasa ni miaka mingi imepita, na kibovu chetu kinatafutwa na watu wa Dar kwa bei ya friza. Nilitamani kujua kinachofanya hivyo. Kwa nini kosa la mashine, likikaa sanduku moja na usahihi kwa miaka ishirini na zaidi, linatoka likiwa tajiri?

Mzee wa mashine alisema jibu ni jepesi: hesabu ya nakala zilizobaki. Zile nzuri zilichapwa nyingi, zikatunzwa. Zile mbovu zilikuwa chache tangu mwanzo, zikaenda mahali ambapo gazeti likishasomwa linafungia karanga.

Hapo ndipo nilipoacha kucheka, maana mimi nilikuwa najua sababu nyingine ambayo yeye haijui.

Nililivuta sanduku uvunguni. Toleo langu la tano lipo, na mzee wake ana uso mzuri wa kahawia, wenye afya. Lakini halikuja hivyo. Lilikuja la kijani, kama yote yaliyoshushwa kwa wakala wa sokoni wiki ile, na sisi tukadhani ndivyo hadithi inavyotaka. Kisha mtoto wa ofisa mmoja aliyehamia kutoka Dar akaleta lake shuleni. La kwake lilikuwa na uso wa mtu. Alitucheka mpaka akakaa chini. "La kwenu limeoza njiani," alisema.

Aibu ile sikuiweza. Nyumbani kwetu palikuwa na mti wa mzingefuri. Nikachukua mbegu zake nyekundu, nikazilowesha maji kidogo, nikachovya pamba, nikampaka yule mzee usoni taratibu. Wekundu ulipokutana na kijani, akawa mtu. Nilipolipeleka shuleni, watoto walinizunguka kama daktari. Mtaa mzima ukaleta wagonjwa. Nilitibu magazeti siku nne, ada andazi moja kwa kila uso, nikanenepa kwa muda. Nadhani mtaani kwetu hakuna mzee wa kijani aliyepona kuponywa na mimi.

Kwa lugha ya wakusanyaji, nakala iliyopakwa chochote imeharibiwa. Nilipoweka picha ya kwangu kundini, mzee wa mashine alituma sauti fupi kuliko zote: "Pole."

Mtu mmoja tu alikataa huduma yangu. Binamu yangu. Wakati ule tulikuwa darasa moja, naye nikamwambia kwa undugu wetu nitamtibia kwa nusu andazi. Akaniambia, "Andazi langu nalila mwenyewe. Akae na ugonjwa wake." Uchoyo ule, nilikuwa nimeusema vibaya miaka yote.

Nikampigia. Kumbe lipo. Lilikuwa ndani ya sanduku la bati pamoja na vyeti vya kliniki vya wanawe. Nikamwambia habari yote, na bei.

"Binamu," akasema, "usinitanie kwenye friza."

"Sikutanii. Kuna mtu Mwanza, wa kundini kwetu, analitafuta. Ila anataka lihakikiwe kwanza. Mengine yamepauka tu kwa jua, yakafanana na haya. Litunze vizuri, nakuja."

"Unakuja? Wewe? Basi kweli lina hela."

Jinsi ya kuhakiki nilifundishwa na mzee wa mashine. Jua linakula wekundu kwa juu tu. Ukifungua gazeti, pale kwenye mkunjo karibu na pini ambako mwanga haufiki, wekundu unabaki. Ukiukuta mkunjoni, hiyo ni nakala ya kawaida iliyochomwa na jua, thamani yake ni ya kufungia karanga. Mkunjo ukiwa kijani mpaka ndani kabisa, hiyo ndiyo yenyewe. Nilisafiri siku mbili baadaye nikiwa na tochi ndogo mfukoni na sala ya safari mdomoni. Safari yenyewe haikunishinda. Niliyoyaogopa miaka yote yaliisha kabla sijamaliza chupa ya maji.

Binamu alinipokea kwa kelele, akawaita majirani zake wa stendi. "Njooni mumwone mchumba aliyenikimbia! Ametoka kwenye cherehani yake, leo mvua itanyesha!" Akanipa juisi ya ubuyu isiyo baridi, akaomba radhi kwa kuwa barafu limeisha, akanikonyeza. "Lakini kwa muda mfupi tu, eti?"

Kisha akaingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki, uso unang'aa.

"Ulivyosema nilitunze, sikulala," akasema. "Nimelipeleka steshenari jana. Nimelifanyia laminesheni."

Naomba nieleweke. Kwetu sisi, kitu cha thamani ni laminesheni. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, picha ya marehemu, vyote vinaingizwa kwenye plastiki na moto, vikitoka hapo hata mvua haviogopi. Binamu alifanya ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya. Yule dada wa steshenari alitoa pini, akalifungua jalada likawa karatasi moja pana, akalichoma ndani ya plastiki. Zile kurasa za ndani alizirudisha zikiwa zimefungwa kwa kamba ya mpira.

Nililishika. Yule mzee wa kijani alicheka chini ya plastiki akiwaka kwa jua la stendi. Nikatoa tochi, kwa kuwa sikujua nifanye nini kingine. Mkunjo ulikuwa wazi kuliko nilivyoutarajia. Nikaufuata kwa mwanga kuanzia juu mpaka chini. Kijani. Kijani mpaka ndani kabisa. Hakuna hata chembe ya wekundu.

"Ni lenyewe," nikasema.

"Alhamdulillahi!"

"Binamu, kaa kwanza."

Nilituma picha Mwanza bila kuficha kitu. Jibu halikuchelewa: alisikitika sana, lakini laminesheni haitoki, na kitu ambacho hakiwezi kurudi kuwa gazeti yeye hakinunui. Binamu akasoma mwenyewe. Akachukua kwenye kopo wembe wa kukatia mifuko ya juisi.

"Naichana."

"Subiri." Nikampigia mzee wa mashine, nikaweka sauti kubwa.

"Mama," yule mzee akasema, "ukichana, wino unabaki kwenye plastiki. Utakuwa na karatasi nyeupe."

"Kwa hiyo nimeua friza langu kwa elfu moja na mia tano?"

"Ndiyo, mama. Lakini usijilaumu. Nakala chache zikipungua tena, zilizobaki zinapanda bei."

Akauweka wembe chini polepole.

"Ngoja nielewe," akasema. "La kwangu likifa, la mwenzangu linapanda?"

"Ndiyo hivyo," mzee wa mashine akajibu.

"Yaani jana mimi nimemtajirisha mtu, na hata simjui?" Akanigeukia. "Na wewe na maandazi yako, umetajirisha wangapi?"

Nikasema siwezi kuhesabu. Akacheka kwa hasira, akafunga kanga upya, akachukua simu yake. Alianza kuwapigia wote tuliosoma nao ambao hawakuwa mtaa wetu, wale waliokuwa wakitoka mbali na kulala kwa ndugu, kwa kuwa hao sikuwafikia na pamba yangu. Wa kwanza alisema lilishaliwa na mchwa. Wa pili hakukumbuka hata kama aliwahi kusoma. Wa tatu ameolewa Mbwemkuru, analima ufuta. Huyu alicheka: "Lile la mzee mgonjwa? Lipo, watoto wanalichezea hapa nje."

Binamu akasimama. "Wanyang'anye. Hapana, usiwanyang'anye, litachanika. Wape kitu kingine waliache wenyewe. Usilifute vumbi, usilikunje, na ukitaja neno steshenari nakata simu."

"Kwani lina nini?"

Nikamwona anasita. Ni mfanyabiashara, na sentensi ya uongo ilikuwa tayari mdomoni, niliiona. Kisha akaitazama ile bahasha ya kaki mezani.

"Lina hela, dada yangu," akasema. "Nyingi. Tutagawana nusu kwa nusu."

Alipokata simu nikamwambia nusu haitatosha friza.

"Nusu ya friza jipya ni friza la mtumba zima," akasema, huku akiwaachia majirani chupa zake wamwangalizie. Akatazama miguu yangu chini ya meza. "Viatu ulikuwa umevua?"

"Bado."

"Afadhali. Tunaondoka sasa hivi, kabla watoto hawajamchoka yule mzee."