Tulidhani Anatabasamu

Nikisikia mtu akisema mvumilivu hula mbivu, mimi hupandwa na hasira. Nimewaona waliovumilia na hata mbichi hawakuionja. Lakini nililelewa katika nyumba ambayo kulia kwa sababu ya maumivu kulikuwa aibu. Mwenye sheria hiyo alikuwa nyanya yangu, mama yake mama, ambaye kwa Kikuyu tulimwita cucu. Ukijikwaa, ukiungua, ukiumwa na jino, alikuambia neno moja tu: umiriria. Maana yake ni jikaze. Uma meno, nyamaza, yatapita.

Ilikuwa miaka ile ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Tulikuwa tumehamishwa kwa nguvu tukasongwa katika kijiji kimoja karibu na Ruiru, na wanawake wakalazimishwa kuchimba handaki la kukizunguka. Baba alikuwa kizuizini, hatukujua wapi. Askari wa kijiji walisimama ukingoni, na mwanamke aliyenung'unika alichekwa kwanza, kisha akapigwa. Mle handakini neno la cucu lilifanya kazi. Wanawake walilipitisha kwa sauti ya chini, na lazima niseme kweli, liliwasimamisha. Sikumwona hata mmoja akiwapa wale askari raha ya kumwona akilia.

Siku moja jembe la jirani likateleza, likamkata mama mguuni. Akaufunga kwa kitambaa chake cha kichwa, akaendelea kuchimba. Jioni cucu alikiosha kidonda kwa maji ya chumvi, akamsifu bintiye. Kilianza kufunga vizuri, tukakisahau.

Kisha mama akaanza kuzungumza bila kufungua meno. Uji ulimtoka pembeni mwa mdomo. Nikamuuliza cucu mbona mama hafungui mdomo.

"Mwache," akanijibu. "Mguu unamuuma, naye ameuma meno. Hujui mwanamke anavyojikaza?"

Nikaridhika. Kesho yake midomo ya mama ilikuwa imevutika huku na huku, meno nje. Wanawake waliokuja kumjulia hali walitoka wakiambiana, "Ameumia hivyo na bado anatabasamu!" Nilivimba kichwa kusikia mama yangu akisifiwa. Lakini nilipokaa karibu naye niliona kwamba macho yake hayakuwamo katika tabasamu lile. Yalinifuata kila nilipokwenda, yakiomba kitu, na mimi nikaingiwa na hofu nisiyoijua jina. Nje mtu akaangusha debe. Mwili wote wa mama ukashtuka, mgongo ukajiinua kutoka kitandani, ukakaa hivyo juu, mgumu kama ubao. Hapo hata cucu aliogopa.

Lakini kijijini hukutoka bila kibali. Cucu alienda kwa mzee wa kijiji akarudi mikono mitupu, akaenda tena. Tulipopewa ruhusa hatimaye, tulipakiwa nyuma ya lori la shamba la kahawa, pamoja na askari mmoja wa kutulinda, au wa kutuchunga, sijui. Barabara ilikuwa mbovu. Kila lori liliporuka, mama alikakamaa, na cucu alimshika kichwa akimnong'oneza lile neno lake.

Hospitalini Thika alitupokea muuguzi mmoja, mtu wa pwani. Alimwinamia mama, akamgusa mashavu.

"Taya zimekaza tangu lini?" akauliza.

Cucu alikijua Kiswahili cha mashambani tu. Akanyoosha shingo, akajibu kwa fahari, "Hapana kaza. Yeye najikaza."

Muuguzi hakucheka. Akasema polepole ili aelewe, "Nyanya, huku si kujikaza. Huu ni ugonjwa. Pepopunda. Mngemleta siku ile ile meno yalipoanza kufungana, pengine tungemsaidia."

Nilimfasiria cucu kwa Kikuyu, neno kwa neno, na hata leo natamani kazi hiyo ingefanywa na mtu mwingine.

Mama alifia pale Thika, na uso wake ukabaki vile vile. Cucu alimpapasa midomo kwa kiganja, akijaribu kuirudisha mahali pake, huku akilia kwa sauti kubwa. Askari wetu alikuwa amesimama mlangoni akitazama, na cucu hakujali.